Matangazo yanaleta "bei?" nyingi, wanunuzi wachache. Tunakosea wapi?

sufuria_kamukunji
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoyajua matangazo ya mitandaoni. Duka ni la vyombo vya jikoni, liko Kamukunji, Nairobi: sufuria, hotpoti, chupa za chai. Facebook tuna wafuasi 11,000, Instagram 4,000 hivi. Tunachapisha mara tatu kwa siku na kubusti (kulipia chapisho lionekane kwa wengi zaidi) kwa shilingi 500 kila siku, eneo "Nairobi", umri 18 hadi 65. Laiki zipo. Wanaouliza "bei?" hufika 40 kwa wiki, lakini wanaonunua ni watatu, wiki ikiwa nzuri wanne. Bei hatuandiki kwa sababu maduka jirani yatashusha bei chini ya yetu papo hapo. Kuna aliyetushauri tununue wafuasi 5,000, au tufanye shindano la "tag marafiki watano ushinde seti". Kabla hatujaongeza pesa, turekebishe nini kwanza?

hesabu_za_matangazo
Usiongeze hata shilingi kwa sasa. Twende na hesabu uliyoileta mwenyewe. 500 kwa siku 7 ni 3,500. Waulizaji 40, basi kila swali limewagharimu shilingi 87 na senti 50. Wakinunua 3, kila mnunuzi amewagharimu 1,167 hivi. Wakinunua 4, ni 875. Tuseme seti mnaiuza 3,200 na kwa bei ya jumla mmeichukua 2,500. Faida ghafi ni 700, na hapo kodi ya duka haijaguswa. Maana yake kila seti inayotokana na tangazo inawatia hasara, hata wiki ile nzuri. Bajeti ikiwa mara mbili, hasara nayo mara mbili. Lakini kati ya hao hao 40 wakinunua 8, gharama inashuka hadi 438 hivi kwa mnunuzi, na mnabaki na 260 na kitu. Wanaowaona wanatosha. Mnawapoteza wakishauliza.

Bei iandikwe. Najua Kamukunji duka limeshikana na duka, lakini jirani akitaka bei yako atamtuma kijana wake aulize, na ataipata kwa dakika mbili. Anayefichwa ni mama wa Donholm ambaye ameshauliza maduka manne na kuchoka. Andikeni yote anayohitaji kuamua: "Seti ya sufuria 7 na vifuniko vyake, alumini nzito, kubwa kabisa lita 9, KSh 3,200. Kuchukua dukani bure. Boda hadi Donholm 250, Rongai 450." Asiye na 3,200 hatauliza, na hilo ni jema, kwa sababu swali lake lingewala muda wa mhudumu. Maswali yatapungua. Msishtuke wala msirudi nyuma, hesabuni waliolipa.

Kubusti nako kuna mtego. Ukibonyeza tu na kuacha lengo lijichague, mara nyingi mfumo utawatafuta watu wepesi wa kubonyeza laiki, maana hao ndio wa bei nafuu kuwapata. Ingieni Meta Ads Manager, programu ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, mchague tangazo linalofungua mazungumzo ya WhatsApp, na lipimwe kwa mazungumzo yaliyoanza. Badala ya neno "Nairobi", wekeni pini dukani na mzunguko wa kilomita ambazo boda wenu anaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Umri ningeanzia 25; wa miaka 18 wengi bado wanapikiwa nyumbani au wana sufuria moja hosteli.

Jambo la mwisho kwangu: msigawe hizo 500 kwa matangazo matano ya mia mia. Mfumo wa Meta una kipindi cha kujifunza, na kila kundi la matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku 7 ili litulie. Nyinyi mko 40 pesa zote zikiwa pamoja. Mkizigawa mara tano, kila kundi linapata 8 na halitajifunza lolote. Tena ukibadilisha picha, walengwa, au bajeti kwa kiasi kikubwa, kujifunza kunaanza upya. Liacheni siku 7 bila kuligusa, hata mkono ukiwasha.

kaunta_na_simu
Hesabu imekaa sawa. Mimi ningeshika simu ya duka kabla ya kufungua hiyo Ads Manager, kwa sababu swali lililolipiwa 87.50 linaozea humo.

Tumieni WhatsApp Business. Wekeni salamu ya kujituma yenyewe. Humwendea anayeandika mara ya kwanza, au aliyenyamaza siku 14. Isiwe "Karibu, tukusaidieje?" kisha kimya. Iwe na saa za kufungua, mahali, na swali moja: "Unapikia watu wangapi, na unatumia gesi, makaa au jiko la induction?" Kisha tengenezeni majibu ya haraka. Programu inaruhusu hadi 50, nyinyi mnahitaji matano: /bei, /mahali, /till, /boda, /kurudisha. Mhudumu akiandika mkwaju (/) na neno, jibu zima linatokea, na hakuna atakayekosea bei wateja wakijaa kaunta.

Jibu la "bei?" lisiishie kwenye bei. Ukisema "3,200" ukanyamaza, mazungumzo yamekufa. Sema "3,200, zipo leo. Upelekewe na boda au utapita dukani?" Mteja anachagua kati ya njia mbili za kununua.

Tangazo lipangiwe saa ambazo kuna mtu wa kujibu. Kulipia tangazo la saa tatu usiku na kujibu kesho yake saa mbili asubuhi ni kumpelekea mteja jirani yako. Kama simu huzimwa saa moja jioni, nendeni kwenye bajeti ya jumla ya kampeni badala ya bajeti ya kila siku. Hapo mnaweza kuchagua saa za tangazo kuonekana.

Mahali pia. "Nairobi CBD" haimfikishi mtu popote, na Kamukunji mgeni hupotea. Taja jengo, ghorofa na nambari ya duka, uongeze video ya sekunde 20 ya njia ukitokea Muthurwa hadi mlangoni.

Malipo yapitie nambari ya Till (ile ya kulipia duka kwa M-Pesa) ambayo jina lake linafanana na la ukurasa. Mteja akiona jina la mtu asiyemjua kabla malipo hayajakamilika, ataghairi, na yuko sahihi kuogopa. Nanyi msiachilie mzigo kwa mesiji anayoonyesha mteja kwenye simu yake. Angalieni upande wenu kwamba pesa imeingia.

Kama mna orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, mwisho ni watu 256 kwa orodha moja, na anaupata yule tu aliyehifadhi nambari yenu. Kwa hiyo kila anayenunua aombwe aihifadhi pale pale kaunta.

sufuria_kamukunji
Asanteni sana, hapo kwa saa za kujibu mmetushika kabisa. Na wafuasi na shindano je? Halafu huwa tunaweka picha za mesiji za M-Pesa, na picha za wateja wakiwa dukani, ili watu waone tunaaminika. Hiyo nayo ni kosa?

picha_na_sheria
Ndugu, zile picha za M-Pesa ziondoe leo. Mesiji ile ina jina la mteja na nambari ya muamala, pengine na salio lako. Tapeli akiwa na hayo na akapata nambari ya simu ya mteja wako, anaweza kumpigia akijifanya wewe: "Ulilipa 3,200, pesa imekwama, tuma tena kwa nambari hii."

Picha za wateja zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini dhidi ya klabu moja ya burudani hapa Nairobi, shilingi 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kwa duka lenu dawa ni rahisi: mwombe mteja idhini kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp, ukitaja picha itatumika wapi, na uuhifadhi. Akikuomba baadaye uiondoe, iondoe. Mtoto akiwemo, idhini ni ya mzazi. Au piga picha ya mikono na bidhaa, uso usionekane.

Wafuasi wa kununua msiwaguse. Hawali ugali wa Nairobi, hawatanunua sufuria. Chapisho jipya huonyeshwa kwanza kwa sehemu ya watu, na hao wakilipita bila kujali, mfumo hauna sababu ya kulisambaza. Unajaza ukumbi kwa viti vitupu. Shindano nalo, kanuni za Facebook haziruhusu kumtaka mtu atag marafiki au ashiriki kwenye ukurasa wake binafsi kama sharti la kushinda, na tangu Desemba 2017 Facebook ilitangaza kuyashusha machapisho ya kuombaomba namna hiyo. Mkipenda shindano, sharti liwe kujibu swali kwenye maoni, na zawadi iwe inayomvuta mpishi. Ukitoa simu, utapata wawinda simu.

Picha zenyewe: acheni za kiwandani, kila duka mtaani linazo. Piga sufuria ikiwa juu ya jiko, mkono ukiwa karibu ili ukubwa uonekane, halafu kitako kwa karibu ili unene wake uonekane. Video iwe ya wima, 1080 kwa 1920, na bei ikae katikati; kwenye Reels, zile video fupi, asilimia 14 ya juu na 35 ya chini hufunikwa na jina na vitufe. Na tafadhali msiandike "inafaa majiko yote" kwenye alumini ya kawaida. Jiko la induction linataka kitako kinachoshika sumaku. Mteja akirudi na sufuria isiyopata moto, maoni yake moja yatakaa chini ya tangazo mnalolilipia.

hesabu_za_matangazo
Naongeza moja kwa sufuria_kamukunji. Wekeni daftari kaunta lenye safu nne: tarehe, mteja ametuona wapi, amenunua nini, faida ghafi. Swali la "umetuona wapi?" liulizwe kabla ya kufunga mzigo, hata kwa anayeingia kwa miguu, kwa sababu wengine huona tangazo Jumatatu na kufika Jumamosi bila kuandika ujumbe wowote. Jumapili jioni gawanya pesa ya tangazo kwa wanunuzi waliotoka mtandaoni. Ikivuka 700, yaani ile faida ghafi ya seti moja, wiki mbili mfululizo, lizimeni, mbadilishe picha au bidhaa, kisha mlipe tena siku 7.