HSV-2: mbona kingamwili ya gG haioni kitu kwenye midia?

Benchi_Namba3:
Wakuu, salaam. Seli za Vero (za figo ya nyani), HSV-2 (virusi vya herpes aina ya pili), virusi 5 kwa kila seli, midia (maji ya kukuzia seli) imevunwa saa 24 baada ya kuambukiza. Kingamwili ya monoklonali (inayoshika sehemu moja tu) ya gG (glikoprotini G, protini ya virusi yenye sukari) inatoa mstari mzito kwenye kDa (kilodaltoni, kipimo cha ukubwa wa protini) 120 upande wa seli zilizopasuliwa. Kwenye midia hakuna kitu, ila doa pana pale kDa 66. Si inasemekana gG-2, yaani gG ya HSV-2, humwagwa nje ya seli?

Mwana_Protini:
Humwagwa, mkuu, ila nusu tu, na inaelekea kingamwili yako ni ya nusu ile nyingine. Jeni ni moja, US4, lakini protini yake hukatwa ndani ya seli. Kipande cha mwanzo, kama kDa 34, hutoka kwenye midia: hiyo ndiyo sgG-2. Kinachobaki huvishwa sukari nyingi mpaka kikafika kDa 120, kikakaa kwenye utando: hiyo ni mgG-2. Kingamwili ya mgG-2 haitaiona sgG-2 hata ukipakia midia lita nzima. Soma karatasi iliyokuja na kichupa, uone ilitengenezwa dhidi ya kipande kipi. HSV-1, ndugu yake HSV-2, isikusaidie kulinganisha hapa, gG yake haikatwi hivyo.

Doa la 66 ni albumini ya seramu ya ndama. Virusi vikishashika seli kwa saa 1, osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), weka midia isiyo na seramu. Vuna, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 500 dakika 10, kisha g 100,000 saa 1 kwenye nyuzi 4. Usiruke mzunguko huo wa pili: chembe za virusi zinabeba mgG-2, zikibaki utadhani nayo imemwagwa. Halafu kaza mililita 10 ziwe mikrolita 200 kwa kichujio cha kDa 10. Cha kDa 30 kiko karibu mno na 34, protini itapita. Jeli ya asilimia 12 inatosha.

Seramu_Safi:
Naongezea: pima tubulini (protini inayokaa ndani ya seli) kwenye midia hiyohiyo. Ikionekana, seli zimepasuka, na huwezi tena kusema protini ilitolewa. Basi rudia, uvune saa 18 badala ya 24.

Benchi_Namba3:
Asanteni sana. Na nikitaka kupima seramu za watu kwa ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani yenye visima), naweza kupaka seli zilizoambukizwa kwenye sahani?

Seramu_Safi:
Usifanye hivyo. Kwanza, gB na gD, glikoprotini nyingine za virusi, za HSV-1 na HSV-2 zinafanana mno, na huku kwetu watu wazima wengi wana HSV-1. Karibu kila seramu itawaka. Pili, gE na gI, nazo ni glikoprotini za virusi, kwenye seli zilizoambukizwa hudaka mkia wa IgG (kingamwili ya damu) ya binadamu, iwe inaijua herpes au haiijui. Kisima cha seli zisizo na virusi hakitakuonyesha kosa hilo, kwa sababu gE haimo. Weka seramu isiyo na kingamwili za HSV juu ya seli zenye virusi, hapo utaliona. Paka mgG-2 iliyosafishwa. Lektini (protini inayoshika sukari) ya konokono Helix pomatia huishika vizuri kwa sukari zake.