Mjadala: Mikopo ya mtu kwa mtu, mkopaji asipolipa hasara abebe nani?

Wanaotetea majukwaa ya kukopeshana mtandaoni wana hoja ambayo siibezi. Benki inachukua akiba yako, inakupa riba kiduchu, kisha pesa ileile inamkopesha mwenzako kwa riba kubwa. Ya nini kupita kwa dalali huyo, ikiwa mwenye pesa na mwenye shida wanaweza kukutana wenyewe wakagawana ile tofauti? Ndilo wazo lililoanzisha Zopa kule Uingereza mwaka 2005, na Prosper ikafuata Marekani mwaka 2006. Wapo waliokataliwa na benki wakapata mikopo huko. Hilo ni jambo jema na sitaki lipotee.

Lakini dalali hajaondoka. Aliyeondoka ni yule aliyekuwa akibeba hasara.

Ile tofauti ya riba inayotuudhi, benki haiili yote. Sehemu yake inafidia mikopo chechefu, yaani isiyolipwa. Mkopaji akitoroka, hasara inagonga kwanza faida na mtaji wa benki kabla haijaifikia amana yako, na nyuma yake kuna bima ya amana, inayokurudishia akiba yako benki ikianguka. Marekani bima hiyo inafika dola 250,000 kwa mteja katika kila benki. Kwenye jukwaa, asipolipa, umeliwa wewe. Jukwaa limeshakata ada yake siku mkopo ulipotoka, na litakata nyingine kwa mkopo unaofuata. Anayelipwa kwa wingi wa mikopo atatafuta wingi wa mikopo.

China iliyaona haya kwa ukubwa wa kutisha. Jukwaa la Ezubao lilikusanya takriban yuani bilioni 50 kutoka kwa watu zaidi ya 900,000, kwa miradi ambayo mingi haikuwepo kabisa. Serikali ilibana kiasi kwamba kufikia Novemba 2020 hakukuwa na jukwaa hata moja la aina hiyo linalofanya kazi nchini humo.

Mtu atanijibu kwamba ule ulikuwa wizi, na wizi hauhukumu biashara nzima. Sawa, tuwatazame walioheshimika. Zopa ilipata leseni kamili ya benki mwaka 2020, na mwishoni mwa 2021 ikafunga kabisa huduma ya kukopeshana. LendingClub ya Marekani iliacha kuwauzia wawekezaji wadogo vipande vya mikopo, kisha mwaka 2021 ikanunua benki. Waliotuahidi mbadala wa benki wakaishia kuwa benki, kwa sababu amana ni pesa nafuu na iliyotulia kuliko ya wakopeshaji wanaoweza kukimbia wakisikia tetesi tu. Kwangu hili lina uzito kuliko wizi wote wa Ezubao.

Kuna na ushauri wa kugawa pesa yako kwenye mikopo mingi midogo. Unasaidia pale anaposhindwa mmoja leo na mwingine mwakani. Uchumi ukiyumba wanashindwa kwa pamoja, na hapo hata kutoka huwezi. Aprili 2020 Funding Circle, jukwaa la Uingereza, ilisimamisha soko ambalo wakopeshaji walitumia kuuziana mikopo yao. Mwezi uliofuata RateSetter, jukwaa jingine la huko, ikakata riba ya wakopeshaji kwa nusu ili kuujaza mfuko wa kufidia hasara.

Sisemi yapigwe marufuku. Nataka sheria ilazimishe kila jukwaa kuweka pesa yake katika kila mkopo linaoupitisha, na pesa hiyo iwe ya kwanza kupotea. Uingereza mwaka 2019 ilichagua njia nyingine: mkopeshaji mdogo ambaye ni mgeni katika mikopo hii asiweke zaidi ya asilimia 10 ya mali yake ya uwekezaji. Kikomo hicho kinapunguza maumivu ya mkopeshaji, ila tabia ya jukwaa kinaiacha vilevile.

Mnaopinga, nijibuni hapa maana ndipo ninapopata shida: jukwaa likianza kuogopa hasara kama benki, yule mkopaji aliyekataliwa na benki atabaki na mlango gani?