Natafutaje makala za majarida kupitia maktaba ya chuo? Nimeandika swali zima, imeleta sifuri

Mtoto wa Kibaigwa
Wakuu habari za humu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya chakula, naandika utafiti wangu kuhusu sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu) kwenye mahindi yanayohifadhiwa majumbani wilayani Kongwa. Msimamizi kanirudishia sura ya pili na wino mwekundu: blogu si rejea, anataka makala za majarida zilizopitiwa na wataalamu, kuanzia 2015.

Basi nimeingia tovuti ya maktaba ya chuo. Kuna orodha ndefu ya kanzidata, majina matupu, hakuna anayekwambia uanzie wapi. Nikachagua moja nikaandika: *effects of traditional storage methods on aflatoxin contamination of maize in Kongwa district Dodoma*. Sifuri. Nikahamia Google Scholar, huko yanakuja maelfu, na yale yenye maana ukibonyeza yanataka dola. Kwa bei ya makala moja nyumbani tunauza debe ngapi za mahindi, tuyaache. Natumia simu na bando la wiki. Naombeni njia.

Mama Katalogi
Marahaba mwanangu. Mimi ni mkutubi, nakaa dawati la marejeo, na sentensi kama yako naletewa kila msimu wa maandiko. Kanzidata nyingi hazijibu swali, zinatafuta makala yenye kila neno ulilotaja. Nani ameandika makala yenye hayo yote, na *effects* na *district* humo humo? Toa nyama, bakiza mifupa: sumu, zao, ghala. Halafu kila mfupa upe majina yake yote, maana Wamarekani wengi badala ya *maize* huandika *corn*. Ukiacha hilo neno moja umejifungia tafiti nyingi. Jaribu hivi:

aflatoxin* AND (maize OR corn) AND (storage OR stored OR postharvest OR "post-harvest")

AND inabana, OR inapanua, mabano yanashika visawe pamoja. Ziandike kwa herufi kubwa, PubMed kwa mfano, kanzidata ya tiba, haizitambui zikiwa ndogo. Nyota inachukua umoja na wingi kwa mpigo, ila usikate neno fupi mno: stor* itakuletea mpaka vimbunga na hadithi. Kongwa iweke kando kwanza. Ongeza AND Tanzania, na zikiwa haba andika (Tanzania OR Kenya OR Uganda). Ukipata makala moja inayokufaa kweli, shuka chini uone imepewa maneno gani ya mada. PubMed kwa mfano huyaita mahindi *Zea mays*. Yachukue hayo utafutie upya.

Wapi? Kwa kilimo anza na AGORA, lango la majarida la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ipo tangu 2003, siku hizi iko ndani ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, pamoja na Hinari ya mambo ya afya. Kwa nchi kama yetu chuo hakilipi, lakini kinachosajiliwa ni chuo, si mwanafunzi, kwa hiyo nywila anayo mkutubi wenu. Mfuate ofisini. Na usije ukaibandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wenye majarida wakiona upakuaji wa ajabu wanaweza kufungia chuo kizima. Kisha nenda AJOL, yenye majarida ya Afrika, ipo tangu 1998 na mengi humo ni bure. PubMed nayo usiiache eti ni ya madaktari. Sumukuvu inaleta saratani ya ini, kwa hiyo imejaa huko.

Kinachowapoteza wengi ni kile kisanduku cha *full text*. Ukikitia tiki mwanzoni kinaficha makala ambazo kanzidata hiyo haina nakala yake kamili, kumbe maktaba yenu inazo kwingine. Tia tiki *peer reviewed*, hicho kingine kiache. Ukiona kichwa kizuri hakina PDF, nakili kichwa hicho kwenye Google Scholar, bonyeza *All versions*. Mara nyingi utakuta nakala ya bure kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi.

Ukiwa nje ya chuo pitia ukurasa wa maktaba kwa barua pepe ya chuo, usiende moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida. Jarida halikujui wewe, linaijua maktaba. Bando lako litumie kusomea muhtasari. PDF pakulia kwenye Wi-Fi ya chuo.

Wa Thika Road
Niongeze moja, mimi niko Kenya. Hiyo 2015 usiiweke kwenye kichujio mapema. Mwaka 2004 huku kwetu, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii na 125 wakafa. Makala kubwa za mkasa huo zilitoka 2005 kwenye *Environmental Health Perspectives*, na zinasomeka bure. Ukichuja mapema hutaziona. Fungua moja kwenye Google Scholar, bonyeza *Cited by*, chagua kutafuta ndani ya hizo hizo, andika Tanzania. Utapata wapya waliojenga juu yake, na ndiko utakakokutana na mkasa wa sumu hii wa Dodoma na Manyara wa 2016. Huo ni wa kwenu kabisa, msimamizi atashangaa usipoutaja.

Chapchap
Mnamtesa kijana. Aulize akili mnemba impe rejea, dakika moja kamaliza.

Mama Katalogi
Chapchap, orodha hizo huishia dawatini kwangu. Mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Unafungua toleo lililotajwa, kurasa zile ni za minyoo ya mbuzi. Imtafutie visawe, sina neno. Rejea aifungue kwa macho yake.

Mtoto wa Kibaigwa
Asanteni sana, hasa mama. Leo mkutubi kanifungulia AGORA, zimekuja hadi nachagua. Ila kuna moja ya mifuko isiyopitisha hewa, ndiyo hasa naihitaji, na kinachoonekana ni muhtasari tu. Naweza kunukuu muhtasari nikapita?

Mama Katalogi
Hapana mwanangu. Muhtasari utakwambia sumu haikuongezeka, pengine usikwambie mahindi yaliingia mfukoni na unyevu kiasi gani, na kwenye kazi yako hilo ndilo watakalokuuliza. Mwandikie mwandishi wa mawasiliano, barua pepe yake iko karibu na majina ya waandishi. Mistari mitatu: wewe ni nani, unaandika nini, unaomba nakala. Wengi hutuma. Wiki ikipita kimya, mpe mkutubi wenu DOI yake, ile namba ya utambulisho wa makala, aombe kwa maktaba nyingine.