Nesi wa EMD (idara ya dharura) kuhamishwa wodi kila mara, mnalionaje hili?

nesi_uyole
Habarini wakuu. Mi nesi wa diploma, hospitali moja huku Mbeya. Jengo la dharura tumejengewa zuri tu, monita zipo, ila nimekaa miezi saba, ndo kwanza nimeanza kumtazama mgonjwa mlangoni nikajua huyu mwekundu asisubiri, yule wa kijani akae benchi, mara napangiwa wodi ya wazazi. Aliyeletwa hajawahi hata kushika ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa. Uuguzi wa dharura utakuwa fani lini kwa mtindo huu? Nataka kwenda kusoma, naogopa nikirudi napelekwa kliniki.

wa_ilula
Kamwene dada, umegusa penyewe. Sisi huku Iringa mteremko wa Kitonga ukimwaga basi mnaletewa watu kwa mpigo na usiku daktari yuko mmoja, anayeamua nani aanze ni nesi. Ile kozi ya WHO ya huduma za msingi za dharura ni siku tano tu lakini ilinibadilisha. Juni moja baridi kali waliletwa vijana wa bodaboda, mmoja nguo zote zimelowa damu, wote tunahangaika kutafuta mshipa, nesi mwenzangu akachukua mkasi akazikata zile nguo mbichi, akamfunika blanketi mbili, dripu akazitumbukiza kwenye beseni la maji moto kwanza, maana mtu akipoa damu haigandi vizuri. Hakuna mashine hapo, ujuzi tu. Huyo dada leo yuko kliniki ya macho.

mama_tukuyu
Wanangu, mi ni inchaji, msimamizi wa manesi. Tunahamisha kwa sababu watu hawatoshi, wodi ya wazazi ikibaki na nesi mmoja usiku utafanyaje? Ila kwetu tulikubaliana wanne wa dharura hawaguswi, wanazungushwa wengine, na kazi imebadilika kabisa. Muhimbili walifungua idara ya dharura 2010, mwaka huohuo madaktari wakaanza kusomea ubingwa wake MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo Muhimbili, ndo maana leo mabingwa wapo. Manesi nao wapewe njia hiyohiyo, masomo na cheo chake, sio semina tu. Nenda kasome mwanangu, ila kabla hujaondoka matroni aandike kwamba unarudi EMD, nakala iwe kwenye faili lako.

nesi_uyole
Ndaga fijo mama. Kesho naingia mchana, namfuata matroni kabla ya ripoti. Na huyu mgeni nimemwambia awahi nusu saa nimfundishe kushika maski ya ambu: gumba na cha shahada juu, vile vitatu vinyanyue taya.