Bentley haikuzaliwa nyumbani kwa Rolls-Royce, na nimechoka kusoma historia iliyopinduliwa

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nimesoma hapa andiko la mtu anayewaeleza wenzake, kwa kujiamini kabisa, kwamba Bentley ni Rolls-Royce ya watu ambao fedha zao hazikufika. Mwingine akadakia kwamba ni gari lile lile, wamebadilisha nembo tu, na wachangiaji wakampongeza kana kwamba ameleta habari kutoka kiwandani. Huko ndiko kudandia treni kwa mbele. Kauli hiyo ina ukweli wa takriban miaka thelathini katika historia iliyoanza mwaka 1919, na hata hiyo miaka thelathini ni miaka ambayo Bentley ilidhulumiwa na waliopaswa kuitunza.

Tuanze na mwenye jina, kwa sababu katika mjadala ule hakuna aliyemtaja. Walter Owen Bentley, ambaye wapenda magari humwita kwa herufi mbili tu, W.O., alianza kama mwanagenzi wa reli huko Doncaster, akajifunza tabia za chuma kwenye vichwa vya treni za mvuke. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, yeye na ndugu yake Horace walikuwa wakiuza London magari ya Kifaransa ya DFP. Mwaka 1913, alipotembelea kiwanda cha magari hayo, aliona mezani kipande cha alumini chenye umbo la pistoni, kimewekwa pale kuzuia karatasi zisipeperuke. Wengine walikiona kama pambo. Yeye akajiuliza kwa nini pistoni halisi zisitengenezwe hivyo, akaagiza za alumini kwa ajili ya injini za DFP, na vita vilipoanza akaupeleka ujuzi huo kwenye injini za ndege, zikiwemo zilizofungwa kwenye baadhi ya ndege za kivita za Sopwith Camel. Huyo ndiye mtu ambaye leo anaambiwa alinakili kazi ya jirani.

Injini yake ya kwanza yenye jina la Bentley iliunguruma mwaka 1919 katika ua mdogo wa nyuma ya mtaa, karibu na Baker Street jijini London, na wateja wakaanza kukabidhiwa magari mwaka 1921, yakiwa na dhamana ya miaka mitano. Kisha yakaja mashindano ya saa 24 ya Le Mans: Bentley ilishinda mwaka 1924, ikashinda tena 1927, 1928, 1929 na 1930. Naomba mnionyeshe Rolls-Royce iliyoshinda Le Mans hata mara moja. Hakuna, na wala wao hawakuwa wakitafuta hilo, kwa maana biashara yao ilikuwa ukimya na ulaini. Hizi zilikuwa nyumba mbili zenye tabia tofauti, zenye mafundi tofauti na wateja ambao mara nyingi wasingekaa meza moja.

Ushindi wa 1927 peke yake ungetosha kumfunga mtu mdomo. Jioni, mwanga ukififia, Bentley zote tatu zilizokuwa mashindanoni ziliparamia ajali moja kwenye kona ya White House. Sammy Davis, aliyefika akiwa wa mwisho kati ya watatu hao, aliona udongo na vipande vya mbao barabarani ambavyo mzunguko uliopita havikuwepo, akakanyaga breki kabla ya kuona chochote kingine, na bado akagonga. Alilichomoa gari lake, taa moja imevunjika, bawa la mbele limejikunja, ekseli imepinda, akalikokota hadi kituoni na kulifunga na kulinyoosha kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kanuni zilimruhusu dereva peke yake kugusa gari. Yeye na mwenzake Dudley Benjafield, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa udaktari, waliendelea usiku kucha na mvua yake, wakashinda. Baadaye gari hilo, likiwa na majeraha yake, liliingizwa katika karamu ya kuwapongeza kwenye hoteli ya Savoy. Sasa niambieni ni nembo gani iliyobandikwa hapo juu ya kazi ya mtu mwingine.

Nakiri kwamba W.O. hakuwa mfanyabiashara. Kampuni ilikaukiwa fedha mara kwa mara, na kuanzia 1926 iliishi kwa mfuko wa Woolf Barnato, mrithi wa utajiri wa almasi za Kimberley, ambaye pia alikuwa dereva hodari aliyeshinda Le Mans mara tatu katika mara tatu alizoshiriki. Mwaka 1930 walitoa gari la Lita 8, kubwa na la ghali, lililokusudiwa kushindana moja kwa moja na Phantom ya Rolls-Royce. Uchumi wa dunia ulikuwa umekwisha kuanguka. Yalitengenezwa 100 tu, na mwaka 1931 Barnato akaacha kutoa fedha, kampuni ikawekwa mikononi mwa wafilisi.

Hapa ndipo wasimulizi wetu hupita haraka, nami nataka tukae kidogo. Kampuni ya Napier ilikuwa imekwisha kukubaliana kuinunua Bentley, na W.O. alikuwa tayari anachora gari jipya kwa ajili yao. Shauri lilipofika mahakamani ili kuthibitishwa, akajitokeza mnunuzi asiyejulikana kwa jina la British Central Equitable Trust, zabuni zikawekwa kwenye bahasha zilizofungwa, na huyo mgeni akashinda. Nyuma yake alikuwa Rolls-Royce. Hakuja kuikomboa Bentley, kwa maana Bentley ilikuwa imekwisha kupata wa kuikomboa. Alikuja kuhakikisha kwamba Napier na W.O. hawatengenezi gari la kumsumbua, na gari la Lita 8 likazikwa hapo hapo. Mwasisi mwenyewe alikabidhiwa pamoja na mali nyingine, akapewa kazi ya kujaribu magari na kuzungumza na wateja, huku usanifu akiwekwa mbali nao. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1935, aliondoka kwenda Lagonda, kampuni nyingine ya magari, bila jina lake, na akiwa huko akasanifu injini ya silinda 12 na, baadaye, ile ya silinda sita iliyoishia kwenye Aston Martin DB2. Mnaosema aliishiwa maarifa, hesabuni tena.

Ni haki kusema kwamba Bentley za miaka ya 1930 zilizotengenezwa Derby, kiwandani kwa Rolls-Royce, zilikuwa magari mazuri, na W.O. mwenyewe alizisifu. R-Type Continental ya 1952 nayo, ambayo yalitengenezwa 208 tu, ni miongoni mwa magari mazuri ya karne ile. Lakini kuanzia Bentley S ya 1955, iliyotoka pamoja na Silver Cloud ya Rolls-Royce, mtoto wa kufikia alianza kuvishwa nguo za mtoto wa nyumbani. Chukua Bentley T na Silver Shadow za 1965, uzisimamishe pamoja. Milango ni ile ile, viti ni vile vile, injini ni ile ile. Utofauti uko kwenye rejeta, ambayo kwa Rolls-Royce ina pembe kali kama paa la hekalu na kwa Bentley imeviringwa mabegani, pamoja na mdomo wa boneti unaoifuata, nembo, na bei iliyopungua kidogo tu. Mnunuzi mwenye akili timamu angesema kama ni hivyo, basi nipe ile yenye jina kubwa, na ndivyo wanunuzi walivyosema. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bentley ilikuwa kama gari moja katika kila ishirini yaliyotoka Crewe, kiwanda kilichotengeneza magari ya nembo zote mbili. Mtu anayeitazama picha hiyo na kuhitimisha kwamba Bentley ni nakala amemwona mtoto aliyenyimwa chakula, akasema ukoo wao wote ni wembamba.

Kilichoiokoa ni kile kile walichokizika. Baada ya kampuni ya Vickers kuinunua Rolls-Royce Motors, pamoja na Bentley yake, mwaka 1980, wahandisi wa Crewe walifunga turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi iongeze nguvu, kwenye ile injini ya silinda nane, wakatoa Mulsanne Turbo mwaka 1982, kisha Turbo R mwaka 1985 yenye springi na shokomzoba zilizokazwa ili gari liache kuyumba kama mashua. Watu wakakumbuka kwamba Bentley ni gari la kuendesha, si la kuendeshwa. Ilipofika 1991, mauzo ya nembo hizo mbili yalikuwa yamelingana.

Sasa nije kwenye mwaka 1998, ambao wapotoshaji huutumia kama ushahidi wao mkuu, wakidai kwamba BMW ilichukua chakula na Volkswagen ikaachiwa makombo. Vickers ilitangaza kuuza, BMW ikatoa pauni milioni 340, Volkswagen ikapanda hadi milioni 430 na kushinda. Ilishinda kiwanda cha Crewe, wafanyakazi, michoro, haki ya umbo la rejeta na hata kile kisanamu cha mwanamke mwenye mabawa kinachosimama juu ya rejeta ya Rolls-Royce. Jina la Rolls-Royce halikuwemo, kwa sababu tangu kampuni ile ilipofilisika mwaka 1971 na kugawanywa, jina lilibaki kwa watengenezaji wa injini za ndege, nao wakawapa BMW ruhusa ya kulitumia kwa pauni milioni 40. Tena ni BMW waliokuwa wakileta injini za magari mapya ya Crewe, na mkataba uliwaruhusu kuacha kuzileta kwa notisi ya miezi 12. Wengi walicheka, wakasema Wajerumani wa Wolfsburg, yaani Volkswagen, wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Makubaliano yakawa kwamba Crewe itaendelea kutengeneza Rolls-Royce hadi mwisho wa 2002, na kuanzia tarehe 1 Januari 2003 jina lihamie Goodwood, katika kiwanda kipya kabisa cha BMW.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Kiwanda kilichotengeneza Rolls-Royce tangu 1946, pamoja na meza zake za kushonea ngozi na mafundi wake wa mbao, ni mali ya Bentley. Ile injini ya lita 6.75, ambayo ukoo wake unaanzia 1959, ilibaki Crewe na kuendelea kufungwa kwenye Bentley hadi Mulsanne ya mwisho mwaka 2020, wakati Phantom ya Goodwood ilianza na injini mpya. Kwa hiyo kama kuna mtu anataka kuzungumza habari ya nembo iliyobandikwa mahali pengine, nambari za miaka haziko upande wake. Sisemi kwamba Rolls-Royce za leo ni mbovu, kwa maana si mbovu hata kidogo. Nasema acheni kuwavisha kilemba cha ukoka kwa kuwarithisha karakana ambayo hawakuirithi.

Mtanijibu kwamba Continental GT ya 2003 ilichangia msingi na Volkswagen Phaeton, na Bentayga inachangia na Audi Q7. Ni kweli, na ni lawama inayostahili kujadiliwa. Ila mwaka huo huo wa 2003 Bentley ilirudi Le Mans ikashinda kwa mara ya sita, na hilo nalo sijaliona kwenye maandiko yenu.

Hasira yangu haiishii kwenu, kwa sababu Bentley yenyewe inachangia kuichafua historia yake. Gari inalolitangaza kuliko yote ya zamani ni Blower, lile lenye supachaja, pampu ya kuisukumia injini hewa, iliyochomoza mbele ya rejeta. W.O. alilichukia. Alisema wazi kwamba kuifunga injini yake supachaja ni kuupotosha usanifu wake. Lilikuwa wazo la dereva wa mashindano Tim Birkin, likalipiwa na tajiri Dorothy Paget, na Barnato akakubali yatengenezwe 50 ili yaruhusiwe mashindanoni. Halikushinda Le Mans kamwe. Hata hivyo, kampuni ilipoamua mwaka 2019 kutengeneza upya gari la zamani, ilianza na hilo, mapya 12, na ndipo baadaye ikaikumbuka Speed Six, iliyoshinda mara mbili.

Halafu kuna ile picha. Machi 1930 Barnato aliondoka Cannes kwa gari wakati treni ya Blue Train ikiondoka, akavuka Ufaransa usiku, akavuka bahari, akafika klabuni kwake London dakika nne kabla treni haijaingia Calais. Miaka nenda miaka rudi, michoro na matangazo yameonyesha gari la milango miwili lenye paa lililolala nyuma, kazi ya watengenezaji wa bodi Gurney Nutting, likikimbizana na treni hiyo, na mwaka 2005 yaliuzwa matoleo maalumu kwa jina la safari hiyo. Bodi ya gari hilo ilikamilika Mei 1930. Barnato aliendesha Speed Six ya milango minne yenye bodi ya Mulliner. Atakayeibandika tena picha ile katika uzi huu, naomba aandike chini yake mwezi ambao gari hilo lilitoka kwa fundi.