Uongozi wa huduma za afya: cheti cha uzamili au shahada yenyewe?

ZamuYaUsiku: Wakuu, naombeni mawazo. Mimi ni muuguzi, miaka tisa wodini, na sasa nimekabidhiwa usimamizi wa wodi. Nachagua kati ya cheti cha uzamili cha uongozi wa huduma za afya, kozi tano za jioni, na shahada ya uzamili, miaka miwili. Pesa ya kuchezea sina.

HesabuKwanza: Usitazame ada ya jumla peke yake. Kwa vyuo vya Marekani cheti kwa kawaida ni krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 hadi 18, na shahada ya uzamili ya uongozi wa afya (MHA) mara nyingi 40 hadi 60. Gawanya ada kwa krediti ndipo uone kipi ghali. Na kozi za cheti mara nyingi ni zilezile za shahada, darasa moja, mwalimu mmoja.

MamaWodi: Mimi nilianza na cheti na sijuti. Kikao changu cha kwanza cha bajeti niliwekewa karatasi ya safu tatu: bajeti, matumizi, tofauti. Malipo ya saa za ziada yalikuwa yamepitiliza. Sababu niliijua vizuri, wauguzi wawili walikuwa likizo ya uzazi na wenzao wakaziba pengo. Lakini kuisema kwa lugha ya ile karatasi sikuweza, nikanyamaza, na kwenye muhtasari ikaandikwa "usimamizi hafifu". Kozi ya fedha ndiyo iliyonitoa hapo. Ile ya sheria na maadili, kusema kweli, nusu yake nilishaijua kazini.

Mpinzani: Dada, wewe ulikuwa tayari ndani. Anayetoka uhasibu au biashara, hajawahi kufanya kazi hospitalini, cheti kitampa msamiati tu. Shahada nyingi zina mafunzo kwa vitendo, na huko ndiko watu wanakufahamu. Halafu soma matangazo ya kazi za ukurugenzi: mengi yanataka shahada ya uzamili, na cheti si shahada.

MamaWodi: Hapo sibishi.

Kabati_la_Faili: Mnasahau njia ya tatu: anza na cheti, kisha krediti zihamie kwenye shahada. Australia mfumo mara nyingi umepangwa hivyo, cheti, stashahada, uzamili, ngazi juu ya ngazi. Ila uliza kabla ya kulipa: zinahamia krediti ngapi, ndani ya miaka mingapi, kwa alama gani? Jibu liwe la maandishi, maana ahadi ya simu haina faili. Na kama ni Marekani, angalia shahada hiyo ina ithibati ya CAHME, tume inayokagua programu za uzamili za uongozi wa afya.

ZamuYaUsiku: Nimewaandikia chuo, wamejibu leo. Krediti 9 kati ya 15 zinahamia, alama isishuke chini ya B, na kozi ya fedha imo. Najiandikisha cheti. MamaWodi, hiyo karatasi ya safu tatu mimi naletewa Alhamisi. Nitakutumia ujumbe Jumatano usiku, usilale mapema.