Mjadala: Draiva za Linux zikae ndani ya kerneli au zisambazwe kando?

Mtoa hoja: Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, hutoka toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na wasimamizi wake hawajawahi kuahidi kwamba miito ya ndani, ambayo draiva (programu za kuendesha vifaa) huitegemea, itabaki vilevile. Programu za kawaida haziguswi, kwa kuwa mpaka kati yao na kerneli hulindwa kwa ukali. Anayeumia ni mwenye draiva iliyo nje. Draiva ikiwa ndani, yeyote anayebadilisha kitendaji (kipande cha msimbo kinachoitwa na vipande vingine) hulazimika kurekebisha kila mahali kinapotumika. Iliyo nje itarekebishwa na nani, kama si mtumiaji anayeamka na kukuta kifaa kimekufa?

Juzi nilisasisha kompyuta mpakato ya ndugu yangu inayotegemea kifaa cha Wi-Fi cha USB. DKMS, zana iliyoanzia Dell kwa ajili ya kujenga upya moduli (vipande vinavyopakiwa kwenye kerneli, kama draiva) kila kerneli inapobadilika, ilikwama kwa sababu kifurushi cha heda za kerneli mpya, yaani faili zinazohitajika katika ujenzi huo, hakikuwepo. Kukipakua kulihitaji intaneti, na intaneti ilihitaji draiva. Iliniokoa simu iliyochomekwa kwa waya. Nasema zote ziingizwe ndani.

Mchangiaji wa pili: Naheshimu maumivu hayo, ila tiba uliyoitaja haimfai aliyenunua kifaa leo. Draiva ikikubaliwa kwenye kerneli mwezi huu, mtumiaji wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ambayo hutoa toleo takriban kila miaka 2, ataingoja sana. WireGuard, programu ya VPN, ilisambazwa kando kwa miaka kadhaa, ikajaribiwa na watu wengi, ndipo ikaingia katika kerneli 5.6 mwezi Machi 2020. Nao Google, kwa simu zilizotoka na Android 12 na kerneli 5.10, walitenga kerneli moja ya pamoja na moduli za watengenezaji wa chipu, wakawahakikishia watengenezaji hao kiolesura, yaani miito ya kerneli, kisichobadilika. Yaani inawezekana, ila wasimamizi wa Linux hawataki.

Mchangiaji wa tatu: Nasimamia chumba cha kompyuta 40, na hakuna aliyetaja Secure Boot, kinga inayoizuia mashine kupakia msimbo usiosainiwa kwa ufunguo inaouamini. Moduli iliyojengwa kwenye mashine yako husainiwa kwa ufunguo wako mwenyewe, na ufunguo huo huidhinishwa mashine inapowaka, mtu akiwa ameketi mbele ya kibodi na kuandika nenosiri. Kwa mbali haiwezekani. Nimezunguka meza 40 kwa ajili ya draiva moja ya kadi ya michoro, na tangu siku hiyo nimezuia kerneli isijisasishe, jambo ambalo kiusalama najua si zuri.

Mtoa hoja: Mfano wa Android unanisaidia mimi. Uthabiti ule umeahidiwa ndani ya tawi (mfululizo wa matoleo) moja tu la kerneli, na unagharamiwa na kampuni yenye wahandisi wa kulinda orodha ya vitendaji vinavyoruhusiwa. Wanaojitolea hawana nguvu hiyo. Na kufungua msimbo peke yake hakutoshi, maana NVIDIA, watengenezaji wa kadi za michoro, walifungua moduli zao za kerneli Mei 2022, na bado husambazwa kando.

Ninapokubali kushindwa ni kwenye ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili. Leseni yake, CDDL, wengi huiona haipatani na GPL, leseni ya Linux, hivyo itabaki nje hata kama msimbo wake ni safi kiasi gani, na "zote" niliyoiandika pale juu naifuta.